Saa ya Mama Dakika

Kwa miaka ishirini na miwili Robo alikuwa fundi saa wa mtaa mzima isipokuwa mama mkwe wake. Walikuja walimu, walinzi, wauza nyama, hata yule jirani asiyesalimia mtu. Wote waliketi kwenye benchi lake wakamvulia saa. Lakini mama mkwe, saa yake ya ukutani iliposimama, aliifunga kwenye taulo, akaipakata kama mtoto mchanga, akapita nayo mbele ya kibanda cha mkwewe mchana kweupe. Aliitikia shikamoo yake vizuri kabisa, akaendelea na safari hadi kwa fundi wa karibu na stendi. Jioni akarudi kwa njia ileile, taratibu, saa ikigonga ndani ya taulo, ili Robo asikie kwamba imepona.

Robo alijifanya hasikii. Ilimuuma, na mtaa mzima ulijua kwamba inamuuma.

Jina la Robo alilipata kwa ulimi wake mwenyewe. Kila mteja aliambiwa, "Nipe robo saa tu," na robo saa ya Robo iliweza kuchukua hadi Alhamisi. Lakini si hilo lililomponza kwa mama mkwe. Kilichomponza ni siku moja tu, nayo ilikuwa siku ya harusi yake. Fundi saa mzima, mwenye saa zaidi ya arobaini kwenye droo, alichelewa harusi kwa sababu saa yake ya mkononi ilisimama. Mganga hajigangi. Alikaa chumbani na suti yake, kila akiitazama saa anajiambia bado mapema, na saa inakubaliana naye. Kule bibi harusi alisubiri, wageni wakasubiri, keki ikaanza kuinama upande. Robo alipofika, jasho linamtiririka, alimkuta mama wa bibi harusi amesimama mlangoni, mkono wa kushoto ameuinua, macho yapo kwenye saa. Hakumwambia karibu wala pole.

"Dakika arobaini na moja," alimwambia, akampisha apite.

Si mtu wa kutia chumvi, huyu mama. Alikuwa mkunga, na mtaani walimwita Mama Dakika. Ile saa ya mkononi aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, zama ambazo saa ya tarakimu ilikuwa ajabu, watu wanamwomba mtu mkono wake waitazame. Ilikuwa ya mraba, rangi ya fedha, ina kitufe cha taa pembeni na sekunde ndogo zinazokimbia kwenye kona. Aliipanga isome kama mdomo unavyosema, saa moja iwe moja na si saba, kwa sababu mtoto, alisema, hasubiri mtu atoe sita. Aliyezaliwa mikononi mwake hakuzaliwa asubuhi wala alasiri. Alizaliwa saa kumi na dakika saba, na akikutana na Mama Dakika sokoni baada ya miaka thelathini, atakumbushwa.

Hata siku aliyomzaa binti yake mwenyewe, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wa Robo, alilala kitandani na mkono juu, akamwambia mkunga mwenzake, "Andika, saa tatu na dakika hamsini na mbili." Baada ya hapo ndipo alipouliza ni wa kike au wa kiume.

Alistaafu, saa haikustaafu. Hadi mwaka ule aliogombana na rangi zote za dunia.

Alianza na magazeti. Alisema siku hizi wanachapa kwa maji, wino wameuacha nyumbani. Akahamia kwa muuza vitambaa, kwamba maua ya mapazia yake yamekufa kabla ya kufuliwa. Akailaumu televisheni, akailaumu sabuni, akamlaumu aliyepaka rangi namba za milango. Mwisho akaiinua saa yake na kukuta kwamba hata yeye, rafiki wa miaka yote, amemgeuka. Tarakimu zilikuwa zimefifia, zimebaki kama maandishi yaliyofutwa kwa mkono.

Fundi wa stendi aliitazama mara moja tu, akasema, "Mama, hii imezeeka. Nunua nyingine." Mama Dakika akaichukua saa yake mkononi mwa yule fundi na kuondoka bila kuaga. Ndiyo maana Jumatano moja Robo aliinua kichwa akaona viatu vyeusi vilivyong'arishwa vimesimama mbele ya meza yake. Alivijua kabla hajafika usoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakukaa. Alivua saa akaiweka juu ya kitambaa cha kazi. "Imefifia."

Robo alibana lenzi jichoni akainama. "Kweli mama, imefifia."

"Sikuja kuuliza. Yule wa stendi ameniambia ninunue nyingine. Marehemu baba yenu alipofariki sikutafuta mwingine, itakuwa saa?"

"Inatengenezeka, mama. Nipe robo..." Robo alijikamata ulimi. "Nipe mpaka Jumamosi."

"Jumamosi saa nne. Na usiniletee nyingine ukasema ndiyo hii. Mikwaruzo yake yote naijua."

Alipoondoka, Robo alibaki ameishika ile saa kwa viganja viwili. Miaka ishirini na miwili! Alikuwa amesubiri siku hii kama wengine wanavyosubiri kupandishwa cheo. Aliwarudisha wateja wawili waliokuja baadaye, akawaambia kibanda kimefungwa, wakati amekaa ndani yake na mlango uko wazi. Jumamosi, alijiambia, ndiyo harusi yake ya pili, na safari hii hachelewi.

Ugonjwa wa saa aliujua tangu alipoitazama. Juu ya kioo cha tarakimu hubandikwa utando wa plastiki, mwembamba kama ganda la kitunguu. Bila huo utando hakuna tarakimu inayoonekana, hata kama saa yenyewe ni nzima. Utando wa saa ya Mama Dakika ulikuwa umeungua kwa jua na jasho hadi ukawa wa manjano. Dukani hauuzwi. Lakini Robo alikuwa na boksi la kalkuleta mbovu ambalo mkewe alikuwa ametishia mara nyingi kulitupa, na kila kalkuleta ina utando kama huo. Alhamisi alifungua mfuniko wa nyuma, akatoa betri, akainua mashine kwa kibano, akaanza kuubandua utando wa zamani kwa wembe, huku akivuta pumzi kwa zamu. Gundi iliyobaki aliifuta kwa spiriti na pamba. Alisafisha na vile vipande vya mpira vinavyopeleka umeme kwenye kioo. Kisha akakata utando mpya kutoka kwenye kalkuleta, akauwekea nukta ya wino kwenye kona ili ajue upande wa juu.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la mafundi tu, mtu wa kawaida hawezi kulifanya hata akijaribu. Utando ule una mwelekeo wake, kama mbao zilivyo na nyuzi, na nyuzi zake zinakwenda mshazari. Ukiupindua kama unavyofungua ukurasa, mwelekeo unageuka. Robo, akili yote ikiwa kwa mama mkwe, aliupindua ili aifute gundi ya zamani, akasahau kuurudisha, akaubandika.

Aliporudisha betri, nusura aanguke kutoka kwenye kiti. Kioo kizima kilikuwa cheusi tii, na tarakimu nyeupe pe, zinamkodolea. Saa ilikuwa inakwenda sawasawa, ila imevaa nguo nje ndani.

Wakati huohuo muuza vitabu wa duka la jirani akachungulia kuazima mkasi. Robo akaifunika saa kwa kifuniko cha bati.

"Umeficha nini hapo?"

"Hamna kitu."

"Hamna kitu inafunikwa siku hizi?"

"Mkasi huo hapo, chukua uende."

Ijumaa nzima alirudia kazi kuanzia mwanzo. Alifungua kalkuleta nyingine, akakata utando mwingine, na mara hii aliuweka sawa. Tarakimu zikatoka nyeusi, kali, juu ya kijivu safi, kama siku saa ilipotoka kwenye boksi lake. Mkewe aliishika akaguna kwa kuridhika, na si mwanamke wa kuguna ovyo.

Jumamosi saa nne kamili walikuwa nyumbani kwa mama. Mapazia yalikuwa yamefungwa ingawa nje jua lilikuwa linawaka. Mama Dakika alisema siku hizi mwanga unachoma. Alipokea saa, akaifunga mkononi, akaisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akageukia dirisha na papo hapo akageuza uso kama aliyerushiwa mchanga.

"Imekuwa nzuri," alisema.

Basi! Robo aliketi pale kwenye kochi, ameshika kikombe kitupu, anatabasamu peke yake. Kama si adabu angesimama akacheza.

Mkewe aliita kutoka jikoni. "Mama, saa ngapi saa hizi? Nataka kubandika maharage."

Mama Dakika aliinua mkono. Alikaa nao hivyo kwa muda mrefu.

"Saa nne na kitu," alijibu.

Tabasamu la Robo lilikauka. Na kitu? Alimjua mama huyu kwa miaka ishirini na miwili, na hajawahi kumsikia akisema na kitu. Hata msibani alisema dakika. Aliinama kama anayeokota kitu sakafuni, akaichungulia saa kutoka chini. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na nne, nyeusi, safi, mtu angeisoma kutoka mlangoni. Akakumbuka magazeti yaliyochapwa kwa maji. Akakumbuka sabuni, na televisheni, na maua ya mapazia. Saa ilikuwa imefifia kweli, lakini si saa peke yake.

Njiani kurudi alimwuliza mkewe.

"Najua," mkewe alisema. "Nimemwomba mara tatu twende kwa daktari wa macho. Anasema amefanya kazi hospitali miaka thelathini na nne, hakuna wa kumwambia kitu. Watoto wa watu wote amewapokea, huyu mtoto wa jicho ndiye anayemkataa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Wewe fundi wa macho?"

Robo alikuwa anafikiria kile kioo cheusi cha Alhamisi, na jinsi zile tarakimu nyeupe zilivyomrukia. Ule uso wa kijivu unaong'aa ndio uliokuwa unamchoma mama, kama dirisha lilivyomchoma. Kwenye giza namba nyeupe angeziona. Hilo lilikuwa jambo jepesi. Zito lilikuwa jinsi ya kumfikishia. Akimwambia, "Mama, nimekutengenezea ya macho yako," ni sawa na kumwambia huoni, na saa ingerudi ikiruka dirishani. Njia ilikuwa moja tu: aseme kwamba amekosea.

Hapo roho ilimgoma. Tuseme ukweli, Robo hakuwa malaika. Alikuwa amepewa maneno mawili, imekuwa nzuri, baada ya miaka ishirini na miwili, na sasa aende mwenyewe kwa miguu yake akayarudishe. Usiku ule alijigeuza kitandani hadi mkewe akamhamishia mto kochini. Asubuhi alipiga moyo konde akaenda kwa mama mkwe.

"Mama," alisema akiwa bado amesimama, "ile saa nilikosea."

Mama Dakika alimgeuzia uso. "Umekosea nini?"

"Kile kiutando cha juu nilikiweka kinyume. Hakitakiwi kukaa vile. Nirudishie niirekebishe, na unisamehe."

Mama alimtazama, au aliutazama upande aliosimama.

"Miaka yote unasubiri nikupe saa. Nimekupa, umekosea."

"Ndiyo, mama."

"Na umekuja mwenyewe kuniambia."

"Ndiyo, mama."

Alifungua mkanda akampa.

Mtu asidhani kukosea kwa makusudi ni kazi rahisi. Mkono wa fundi una aibu yake. Robo aliupindua utando mara tatu na mara tatu mkono ukaurudisha sawa wenyewe, hadi alipoukemea kwa sauti, na muuza vitabu akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta anagombana na nani. Alipomaliza, kioo kilikuwa cheusi tena na namba zinawaka. Aliipeleka saa alasiri ileile.

Mama Dakika aliifunga, akainua mkono kwa mazoea tu, bila matumaini. Kisha akatulia. Alipitisha kidole gumba juu ya kioo, kama anayempangusa mtoto uso.

"Saa tisa na dakika kumi na sita," alisema polepole. Akasubiri. Midomo yake ilikuwa inahesabu sekunde. "Kumi na saba."

Robo aligeuka akatazama mapazia.

"Mafundi wa siku hizi," mama alisema, "mpaka kazi moja warudie mara mbili."

Na hakuishia hapo. Wiki ile nzima alimwonyesha kila aliyepita saa yake nyeusi na kumweleza kwamba mkwe wake aliikosea, akaja mwenyewe kukiri. Habari ilifika kibandani kabla ya chai ya saa nne. Muuza vitabu aliuliza kama anaweza kuleta ya kwake nayo ikoseshwe. Wateja walicheka, na Robo alicheka nao kwa meno tu. Fundi wa stendi, alisikia, alicheka kuliko wote. Ilimchoma. Lakini kila mama alipopita barabarani, akamsikia anamwambia mtu saa na dakika yake, aliinamia kazi yake.

Baada ya wiki mbili alimwona anakuja, amepakata taulo. Robo alichukua kibano akajishughulisha na saa isiyo na ugonjwa wowote, ili apite. Hakupita. Aliketi kwenye benchi, mahali ambapo hakuwahi kuketi, akafungua taulo mezani. Ilikuwa ile saa ya ukutani, uso mweupe, mishale myembamba ya rangi ya dhahabu. Ilikuwa inakwenda barabara.

"Shikamoo mama. Ina nini?"

"Marahaba. Haina kitu."

"Sasa..."

"Nayo ukaikosee kama ulivyoikosea ile."

Robo aliinua macho. Mama Dakika alikuwa anatazama barabarani, uso mkavu, kama si yeye aliyesema. Mama akautengeneza mkoba wake begani.

"Na Jumatatu saa mbili kamili unipeleke kwa daktari wa macho," aliongeza akisimama. "Usichelewe."

Robo aliupaka uso wa ile saa rangi nyeusi, na mishale akaipaka nyeupe, na Jumatatu saa mbili kasoro robo alikuwa mlangoni kwa mama mkwe na saa yenyewe mkononi. Alingoja hadi saa mbili kamili, akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena. Ndani alisikia kiti kikivutwa, kijiko kikikoroga kikombe, na mtu akikohoa kikohozi cha kutosheka.

"Mama, ni mimi! Tutachelewa!"

Redio ikaongezwa sauti.

Aliketi kwenye ngazi. Wapita njia walimsalimia, wengine mara mbili, wakienda na wakirudi. Alifikiri mama ameghairi. Alifikiri ameudhika kwa rangi nyeusi kabla hajaiona. Akasimama akabisha kwa mara ya nne, na jasho likaanza kumtoka kama siku ile ya suti.

Kisha komeo likalia na mlango ukafunguka. Mama Dakika alisimama pale na gauni lake la kutokea, viatu vinang'aa, mkoba begani, mkono wa kushoto ameuinua. Alikuwa anasoma.

"Dakika arobaini na moja," alisema, akampisha apite. "Sasa tumelingana, mwanangu. Ingia unywe chai. Daktari ni saa nne."